Mtihani wa Mkia

Mtoto wangu wa pekee aliponea kifo kwa hatua mbili, na aliyempeleka pale ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Sikumtuma. Sikumwambia nenda. Nilisema tu maneno ya kuchekesha ambayo nilikuwa nimeyasema mara nyingi kwenye kibanda changu cha video kule mtaani kwetu Obunga, watoto wakicheka mpaka mabenchi yanatikisika. Wanaonijua huniambia niache kujilaumu, ati ajali ni ajali. Wacha waseme. Wao hawakuwa na maikrofoni mkononi.

Ngoja nianze na kibanda. Ni chumba cha mabati, mabenchi manane, tivi moja kubwa ambayo kona yake ya chini imeingia weusi, na blanketi kuukuu mlangoni la kuzuia jua. Katikati ya wiki nawafulia nguo watu wenye pesa kule Milimani. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, naonyesha filamu za watoto. Filamu zenyewe ni za Kizungu, na watoto wetu, hata wale wanaojua Kiingereza cha darasani, hawashiki kile kinachosemwa kwa pua. Basi mimi hukaa kando ya tivi na maikrofoni, nikiwaambia nani amesema nini na kwa nini yule anamkasirikia huyu. Watu huiita hiyo kazi ya udijei. Wanaoifanya wengi ni wanaume na wanapenda filamu za ngumi na bunduki. Mimi nina sauti tu. Nilikulia Port Victoria, nikiuza dagaa wa omena kwa kuita, na mama yangu alizoea kusema sauti yangu inafika Uganda kabla ya mashua.

Filamu zilizoshika watoto wangu ni za farasi. Nilizipata zote kwenye flashi moja kutoka kwa kijana anayeuza filamu Kondele, na nitakuambia ukweli, ukiona moja umeziona zote. Kuna mtoto aliyefiwa au aliyehamishwa kwao. Kuna farasi mkali asiyekaribiwa na mtu. Kuna mtu mzima mwenye roho mbaya anayetaka kumuuza. Halafu mvua, moto, mashindano, na mwishoni mtoto yuko mgongoni mwa farasi kwenye nyasi ndefu na muziki unalia. Ukiniuliza mimi, nilizichoka mapema sana. Lakini binti yangu, wakati huo alikuwa na miaka tisa, alizitazama kila mara kana kwamba safari hii huenda farasi asipatikane. Alikaa ncha ya benchi la mbele, magoti kifuani, mdomo wazi. Farasi wa kweli hakuwahi kumwona. Sisi Obunga tuna punda wa mikokoteni ya maji, na huko kwetu mtoto hujifunza kukaa mbali na miguu ya nyuma ya punda kabla hajajua kuhesabu.

Shida ya hizo filamu ni kimya. Filamu ya ngumi haina kimya, kila saa mtu anaruka dirisha. Hizi za farasi, yawa! Mtoto anamwangalia farasi, farasi anamwangalia mtoto, upepo unapita, dakika mbili, tatu, hakuna anayesema neno. Ukiwaacha watoto wa Obunga na kimya hicho wanaanza kurushiana maganda ya njugu, kusukumana, na kuniuliza, "Dijei, umelala?" Kwa hivyo nilikuwa nakijaza. Natunga. Farasi anasema hivi moyoni, mtoto anamjibu vile. Nikiona filamu inaelekea kwenye kilio nageuza mkondo. Farasi akianguka chini na kufa, nawaambia amechoka, amelala kidogo, halafu nabonyeza kitufe tunaruka mbele. Sikuona ubaya. Watoto wa kwetu wana misiba yao ya kutosha, sikutaka kuwaongezea ya farasi.

Siku moja katika filamu mojawapo, msichana alizunguka nyuma ya farasi kumtoa mwiba kwenye mkia. Kimya kabisa. Nyuma kabisa ya kibanda, mtoto wa mwenye mkokoteni wa maji akapiga kelele, "Atapigwa teke huyo!" Watoto wakageuka wote. Nami kwa vile sipendi kukatizwa, nikamjibu papo hapo kwenye maikrofoni:

"Nyamaza wewe! Hiyo ni punda yenu ya Obunga inapiga watu. Farasi ana akili. Hamjui huu ndio mtihani wa mkia? Farasi akiwa wako kabisa, wa roho yako, unapita nyuma yake, unamshika mkia, na anatulia tuli. Akiwa si wako, utaamkia hospitali!"

Kibanda kililipuka. Yule wa mkokoteni alichekwa mpaka akafunika uso. Kutoka siku hiyo haikuwezekana kuonyesha filamu ya farasi bila mtihani wa mkia. Watoto walikuwa wanaudai kwa kupiga mabenchi. Filamu ikiwa haina mtu wa kupita nyuma ya farasi, nasema huyu aliufanya jana akapita, nyinyi mlikuwa wapi? Hapo wanapiga makofi. Nilijiona bingwa.

Binti yangu peke yake hakuwa akicheka. Siku moja nilikuwa nikimsuka, kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti yangu, akaniuliza, "Mama, mtu akipita mtihani wa mkia, farasi wake anaweza kuuzwa?"

"Atauzwaje na ni wa mtu? Tulia kichwa."

"Hata kama huyo mtu hana pesa?"

"Pesa zinaingilia wapi? Farasi ameshachagua." Akili yangu ilikuwa kwenye nywele, mstari ulikuwa umenipinda karibu na sikio. Nilivuta, akasema ai, tukaendelea na mambo mengine.

Kazi ya Milimani ilikuja kwa sababu ya mdomo huu huu. Nilikuwa kwa mama mmoja ninayemfulia, mimi humwita Madam, nyumba yenye kiwanja cha nyasi unachoweza kupigia mpira. Naanika mashuka huku nikimsimulia msichana wa kazi filamu moja, na sauti zote naziweka. Madam akatokea mlangoni. Nilidhani nimemkosea. Kumbe alikuwa akicheka.

"Mama, wewe una sauti ya redio. Jumamosi mtoto wangu anafikisha miaka saba. Kutakuwa na keki, kutakuwa na farasi wa kupanda. Njoo unichangamshie watoto na maiki. Na ukuje na binti yako."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nyumbani nilipotaja farasi, binti yangu aliacha ugali wake pale pale. Hakuruka, hakushangilia. Aliniuliza tu, "Wa kweli?" Nikamwambia wa kweli, wa miguu minne. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshapiga pasi ile gauni yake ya njano ya kanisani, peke yake, na mikunjo ameiweka mahali isipotakiwa. Sikumrekebisha.

Farasi aliletwa mchana na mzee mmoja mwembamba aliyevaa gambuti na kofia pana. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na alama nyeupe kwenye paji la uso. Nilitazamia mnyama mkubwa kama wa kwenye tivi, huyu alikuwa mdogo kuliko hao. Ila miguu! Hiyo miguu ukiiona karibu, tivi haikuambii kitu. Kwato zake ziliacha mashimo kwenye nyasi za Madam. Mzee alinijia moja kwa moja.

"Mama, ni wewe wa maiki? Waambie watoto wapande kwa zamu. Na wasipite nyuma ya hii mnyama. Ni hayo mawili tu."

"Sawa, Mzee."

Nilitangaza zamu. La pili nilikuwa nalo mdomoni, wallahi, Madam akaniita niende nione spika itakaa wapi. Tukaiweka chini ya mti wa jakaranda kwa sababu ya kivuli. Niliporudi kwenye maikrofoni, watoto walikuwa tayari kwenye foleni, wazazi wanapiga picha, na lile la pili lilikuwa limenitoka kichwani kabisa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa nafua, mikono inasimama kwenye maji.

Mzee alimwongoza farasi kwa kamba, mzunguko mmoja kwa kila mtoto. Nami nilikuwa nimewaka. Nilimfanya mtoto wa Madam kuwa mfalme, nikamfanya mwingine daktari wa wanyama anayewahi mgonjwa. Wazazi walicheka. Binti yangu alikuwa kwenye foleni, wa nne. Kisha gari likaingia, wakashuka wageni wengine, na mama mmoja akamshika bega kwa upole, "Wewe wa hapa nyumbani ngoja kidogo, wageni kwanza." Akarudi nyuma. Gari lingine likaja. Akarudi tena. Nilimwona akirudishwa mara tatu, na kila mara alirudi bila kununa, macho kwa farasi. Ningefanya nini? Mimi mwenyewe nilikuwa pale kwa hisani ya watu. Nilimpungia mkono, ngoja, zamu yako inakuja.

Alipobaki yeye tu mbele, mzee akasema mnyama amechoka, apewe maji, apumzike. Wakati huo huo Madam akaita watu kwenye keki. Farasi akafungwa kwenye jakaranda, tandiko likiwa bado mgongoni. Mzee alikuwa na kiti cha plastiki cheupe pale nyuma ya farasi, kando kidogo, alichokuwa akikalia kusubiri, akakiacha akaenda jikoni kupewa chakula. Watoto wote walikimbilia mezani. Binti yangu alibaki amesimama pale foleni ilipokuwa inaanzia, gauni ya njano, mikono imening'inia. Nilimwita kwa kidole. Alikuja, akasimama nyuma ya watoto wa wageni. Nilimwona akija, kwa hivyo nikatulia.

Sasa sikia. Keki iko mezani, mishumaa saba imechomekwa, watu wamezunguka, na kiberiti hakuna. Kimetafutwa jikoni, hakuna. Baba mmoja anapapasa mifuko. Watoto wanaanza kusukumana. Kikaingia kile kimya ninachokijua mimi, kile cha maganda ya njugu. Madam akanikonyeza kwamba niseme kitu.

Nikasema. Loo, nilivyosema! "Jamani mnamwona yule farasi pale anavyotuangalia? Anauliza, keki yangu iko wapi? Mimi nimewabeba nyote, hakuna hata mmoja ameniambia asante! Basi leo farasi anatafuta mwenyewe. Atakayepita mtihani wa mkia, farasi ni wake, aende naye nyumbani leo leo!"

Watu wazima wachache walicheka kwa adabu. Watoto wa Milimani walinikodolea macho, hawakujua mtihani wa mkia ni kitu gani. Katika kiwanja kile chote alikuwepo mtoto mmoja tu aliyejua.

Kiberiti kikapatikana. Wimbo ukaanza, nami nikauongoza. Tulikuwa katikati nilipotafuta rangi ya njano nyuma ya watoto nisiione. Nikatafuta upande wa jikoni. Nikatafuta kwenye lango. Kisha nikainua macho kwenye jakaranda.

Alikuwa ameshafika. Alikuwa nyuma kabisa ya farasi, kati ya farasi na kile kiti cheupe, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, vidole vimefunguka, anatembea polepole vile wanavyotembea kwenye filamu. Mkia ulikuwa umbali wa mkono wangu huu kutoka kwa vidole vyake. Farasi alikuwa ameinua kwato moja ya nyuma, ncha tu ndiyo inagusa nyasi, na masikio ameyalaza nyuma. Mimi si mtu wa farasi, lakini nilikuwa nimewatazama kwenye tivi miaka mitatu. Masikio yakilala hivyo, kinachofuata ni mtu kuanguka.

Kati yetu palikuwa na mwendo wa nyumba nne za Obunga. Nikikimbia, atashika mkia kabla sijafika nusu, na watoto watanifuata mbio na mayowe. Nikipiga kelele, sauti yangu haitoki kwangu, inatoka kwenye spika, na spika iko chini ya jakaranda, hatua tatu kutoka sikio la farasi. Niliiweka pale mwenyewe, kwa sababu ya kivuli. Nilisema moyoni, Nyasaye, Mungu wangu, nipe kitu. Wimbo ukaisha. Watu walipiga makofi machache, mtoto wa Madam akazima mishumaa.

Nilisogeza maikrofoni karibu na midomo. Nikatumia sauti ndogo. Ninayo moja, ya kwenye kibanda, ya pale filamu inapokuwa na siri na mimi nataka watoto wasogee.

"Na sasa," nikasema, "msichana amesimama."

Alisimama.

Sijui nitakuelezaje. Mkono ukabaki hewani. Watu walidhani ni sehemu ya shoo, wakanyamaza kunisikiliza, na nikawashukuru kimoyomoyo kwa ujinga wao.

"Msichana anashusha mkono. Polepole. Anaushusha mpaka chini."

Aliushusha. Farasi alitikisa ngozi ya paja, vile wanavyofukuza nzi. Kwato ilibaki juu.

"Msichana anarudi nyuma hatua moja."

Hakurudi. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea spika, nikaona paji lake limekunjamana. Nilijua anachowaza kana kwamba amekisema kwa sauti: hii haiko kwenye mtihani. Hakuna anayerudi nyuma kwenye mtihani. Mtoto wangu huyo anajua filamu zangu kuliko mimi. Nilikuwa na nafasi moja, na ukweli usingenisaidia, kwa hivyo nilidanganya tena.

"Kwa sababu farasi wa leo," nikasema, "farasi wa leo mtihani wake unaanzia mbele. Lazima amwone uso kwanza. Msichana anajua. Ndiyo maana anarudi nyuma, hatua moja. Anapita kando ya kiti kile cheupe. Vizuri sana. Hatua ya pili."

Alipita kando ya kiti. Kiti kikabaki kati yake na farasi. Alikuwa anainua mguu wa hatua ya tatu wakati mtoto mmoja mezani alipokalia baluni.

Ilipasuka kama risasi. Sikuona mguu wa farasi ukienda, niliona tu ukirudi. Nilisikia kiti. Mgongo wa kiti ulikatika vipande, kimoja kikaruka juu kuliko kichwa cha mtoto wangu kikaanguka kwenye nyasi, na yeye alikuwa amekaa chini, gauni ya njano imetanda, hasogei.

Niliiacha maikrofoni. Spika ikapiga mluzi mbaya, farasi akavuta kamba mpaka majani ya jakaranda yakamwagika. Nilikimbia hata viatu vikabaki. Nilimvuta mtoto mbali kwa kwapa, nikampapasa kichwa, kifua, mbavu, vidole kimoja kimoja. Mzima. Hakuwa na hata mchubuko. Nilitaka kumchapa, nilitaka kummeza arudi tumboni. Nililia kwa sauti mbele ya watu wa Milimani wote, wala sikuona haya.

Yeye hakulia. Alikuwa akimtazama farasi. Mzee alikuwa ameshafika kutoka jikoni, vidole bado vina ugali, amesimama mbele ya mnyama akimwambia taratibu, taratibu, bwana. Binti yangu akanigeukia.

"Mama," akasema. "Amenikataa."

Nilifungua mdomo huu unaojua kujaza kila kimya, sikupata kitu.

Watu walikuwa wametuzunguka. Madam alikuwa na mkono kifuani, na namwelewa, ni kwake, ni siku ya mtoto wake. "Lakini nani alimwambia mtoto apite nyuma ya farasi?" akauliza. Mzee aliinua uso akaniangalia. Angeweza kusema, "Nilimwonya huyu mama," na alikuwa na haki, lakini aliniachia nafasi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwambia mimi. Na Mzee alinionya niwaambie watoto, sikuwaambia."

Mzee alimkabidhi mtu kamba, akaja akachuchumaa mbele ya binti yangu. Alivua gambuti moja, akakunja suruali. Kwenye muundi palikuwa na bonde unaloweza kulaza kidole.

"Nyathina," akamwambia, mwanangu, "ona. Hii ni yeye. Huyo farasi nimemlea tangu akiwa mdogo, ananijua kwa harufu. Nilipita nyuma yake asubuhi moja nikiwa na haraka, hakujua ni mimi. Yeye hakuangalii nani. Nyuma haoni."

Binti yangu aliliangalia lile bonde. Kisha akainama, akaokota kipande cha kiti kilichokuwa miguuni pake, akakishika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mguu wangu mmoja ulikuwa na kiatu cha kuazima, changu hakikuonekana tena. Tulipofika chini, pale barabara inapoacha miti mikubwa na kuanza vibanda, nikaona nikinyamaza mpaka nyumbani sitasema tena.

"Hakuna mtihani wa mkia," nikamwambia. "Haupo mahali popote duniani. Niliutunga."

"Lini?"

"Ile siku mtoto wa mkokoteni alisema msichana atapigwa teke. Filamu ilikuwa imenyamaza."

Alitembea. Alikuwa anagongesha kile kipande kwenye goti kila hatua.

"Yule mweusi aliyelala kwenye theluji?"

"Alikufa."

"Na yule wa moto? Ulisema amechoka."

"Alikufa pia, mama yangu."

"Na yule mzee wa farasi wawili, yule hakuamka?"

"Hakuamka."

Alisimama barabarani. Sasa machozi yalikuwa yanashuka, yale aliyokataa kuyatoa kwa Madam, na yalikuwa ya hasira. "Na yule aliyeuzwa? Aliyeuzwa mbali, halafu akarudi usiku wa mvua, msichana akafungua mlango?"

"Huyo alirudi."

"Usinidanganye, Mama!"

"Haki ya Mungu, huyo alirudi. Huyo sikuongeza neno."

Alinikagua uso kama muuza samaki anavyokagua noti. Sikujua kama ameniamini, na nilijua nimejitakia. Tukaendelea kutembea. Karibu na nyumbani alinipa mkono, mkono mtupu, ule mwingine ulikuwa na kipande.

Jumapili iliyofuata nilitaka kufunga kibanda. Ni yeye aliyesema tufungue. Watoto walijaa, nikaweka filamu ya farasi kwa sababu ndiyo waliyoidai, na ilipofika pale msichana anamsogelea farasi na kila kitu kinanyamaza, mabenchi yakaanza kupigwa. "Mtihani! Mtihani! Mtihani wa mkia!"

Nilisimamisha filamu. Nikawaambia hakuna mtihani, niliwadanganya. Nikawaambia farasi anapiga teke, na anampiga hata anayempenda, kwa sababu nyuma haoni. Walinizomea. Mmoja akasema Dijei leo ameamka vibaya. Mwingine akasema warudishiwe kiingilio. Nilisema tena, wakacheka tena. Nilikuwa nimewazoesha kucheka na mambo hayo, sasa wangeachaje?

Binti yangu akasimama kutoka ncha ya benchi la mbele. Alikuwa na mfuko wa karatasi. Akatoa kile kipande cha kiti, plastiki nyeupe nene, upande mmoja umechanika na kubaki meno, na katikati alama ya kwato, nusu duara, imezama. Hakueleza kitu. Alimpa aliyekaa karibu naye. Huyo alikigeuza, akaweka kidole kwenye alama, akampa mwenzake. Kikaenda hivyo benchi baada ya benchi, na kadiri kilivyoenda watoto walinyamaza. Nilikuwa nimeshika maikrofoni, imewaka, nikasikia pumzi yangu mwenyewe kwenye spika. Sikuongeza neno.

Kilifika nyuma kabisa kwa mtoto wa mwenye mkokoteni wa maji. Alikishika kwa mikono miwili. Akakitazama, akamtazama binti yangu kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akanitazama mimi.

"Si nilisema?"

"Ulisema," nikamjibu.